Mkwezi Aliyekubali Kupasuliwa

Nilipopangiwa Tanga kwa mafunzo ya vitendo nilikuwa nimeshamaliza masomo yote ya darasani ya shahada ya uzamili ya afya ya jamii, na nilijiona niko tayari kwa lolote. Kabla ya kurudi chuoni nilikuwa tabibu katika zahanati moja huko kwetu Lushoto. Nilikuwa nimeshona majeraha, nimezalisha akina mama, nimetibu malaria na vichomi. Lakini mabusha nilikuwa nimeyaona kwenye picha za vitabuni tu. Kwetu milimani ni baridi, mbu si wengi, na mwanamume mwenye busha akionekana huko watu humwuliza aliwahi kuishi wapi pwani.

Msimamizi wangu alikuwa daktari mwanamke, mzaliwa wa Tanga mjini, wa umri wa mama yangu mdogo. Watu wote walimwita Daktari tu, kana kwamba mji mzima ulikuwa na daktari mmoja. Alivaa mtandio wa rangi moja siku zote, raba nyeupe miguuni, na miwani aliyoifunga kamba shingoni kwa sababu alikuwa mtu wa kuisahau kila alipokaa. Kazi yake ilikuwa kusimamia vita dhidi ya matende na mabusha vijijini, na alikuwa ameifanya kwa muda mrefu kiasi kwamba wanakijiji walimpokea kama shangazi aliyerudi nyumbani.

Siku ya kwanza nilimkuta ofisini kwake anamenya chungwa.

"Shikamoo Daktari."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Nimekunywa chai."

"Chai si chakula. Kaa."

Akanisogezea bakuli la mihogo ya nazi lililokuwa juu ya meza, katikati ya makaratasi, na wakati nakula akanieleza shida yake. Upasuaji wa mabusha ulikuwa ukitolewa bure kwenye kituo cha afya. Madaktari walikuja, vitanda vikatandikwa, gari la matangazo likazunguka vijijini na spika yake juu. Wanaume waliojitokeza walikuwa wachache mno, na kila mtu wa pwani alijua kwamba wenye mabusha si wachache.

"Dawa ya kingatiba wanameza," alisema. "Vyandarua wanatumia. Kisu ndicho hawakitaki, na sijui sababu yote. Nenda ukaitafute. Hiyo ndiyo tasnifu yako."

Nilianza na vijiji vya upande wa Pongwe. Nilikuwa na dodoso langu nililolitengeneza chuoni, limepitishwa na walimu wangu, lina maswali yaliyonyooka. Je, umewahi kupata uvimbe katika korodani? Je, uliwahi kutafuta matibabu? Wanaume walinipokea kwa adabu, wakanipa kiti, wakanijibu hapana, hapana, sijawahi. Nakumbuka mmoja aliyekuwa amekaa kwenye jamvi, amejifunga kikoi na kukikusanya mapajani, na alikuwa amekaa mkao ambao hata mtoto angeelewa kwa nini. Aliniangalia usoni akasema, "Sina, na humu kijijini sijamsikia aliye nayo." Nikaandika alivyosema, nikamshukuru, nikaondoka.

Daktari aliyasoma majibu yale yote bila kucheka. Nilitegemea anikosoe. Badala yake alivua miwani akasema, "Maswali yako ni mazuri. Kosa lake ni moja tu, yamefika kabla yako. Kesho yaache hapa, twende Mwera."

Nimefanya kazi na watu wengi wenye elimu kubwa. Sijaona mwingine anayeingia kwenye uwanja wa mtu kama alivyoingia yule mama. Alibisha hodi akasubiri, hata kama mlango uko wazi na mwenyeji anamwona. Aliuliza habari za mgonjwa wa mwaka uliopita, habari za mjukuu, habari za muhogo ulioliwa na nguruwe pori. Aliwajua marehemu wa nyumba ile, na akawaombea. Alikunywa maji aliyopewa. Akizungumza na mwanamume, macho yake hayakushuka chini ya kidevu cha yule mtu hata mara moja.

"Mwenye busha," aliniambia tukiwa njiani, "husoma macho yako kabla hajakusikia. Ukitupa jicho moja tu chini, umeshamwondoa."

Mhudumu wa afya wa kijiji, mama mmoja mwembamba mwenye sauti ya chini, ndiye aliyetupeleka kwa mkwezi. Alikuwa mkwezi wa minazi anayejulikana kuanzia Mwera hadi Pangani mjini, mtu ambaye watu walimfuata kwa baiskeli kutoka mbali kuja kuangusha nazi zao. Miaka kadhaa iliyopita aliacha kukwea. Hakumweleza mtu sababu, na hapakuwa na mtu asiyeijua.

Tulimkuta amekaa kwenye kigoda kivulini mwa nyumba yake, anasuka makuti pamoja na mkewe. Umri wake ulikuwa kama hamsini hivi. Mikono na kifua vilikuwa bado vya mkwezi, vimekazana kama kamba, na kuanzia kiunoni amejifunika shuka mbili.

"Karibuni," alisema bila kuinuka. "Najua mmefuata nini. Mwenyekiti wetu wa kitongoji hajui kunyamaza."

"Nimefuata mambo mawili, kaka," Daktari alijibu, akakaa kwenye jamvi karibu na mke. "La kwanza makuti. Banda langu la kuku linavuja, na haya yenu naona yamesukwa na watu wanaojua. La pili ni hilo unalolijua. Ukitaka tulizungumze, tutalizungumza. Usipotaka, nitabeba makuti yangu niende."

Mkwezi alicheka kicheko kifupi cha mshangao. Nadhani alikuwa amejiandaa kukataa, sasa hakujua akatae lipi.

Basi wakazungumza makuti. Kisha wakazungumza minazi, na hapo yule bwana alichangamka. Alisimulia mnazi mmoja wa shamba la zamani uliokuwa umepinda kama mgongo wa ngamia, hakuna aliyethubutu kuukwea isipokuwa yeye. Mwisho, kwa hiari yake, akasema watu wanadai ugonjwa wake umeletwa na madafu, kwamba alikuwa akiyanywa huko huko juu kileleni.

"Mimi nilikuwa nauza," alisema. "Walokunywa ni wao. Mbona wao hawana?"

"Hauletwi na madafu," Daktari alisema. "Ni mbu. Anakuachia vijidudu vyembamba kama uzi, vinakaa mwilini miaka bila wewe kujua. Vikiziba njia, maji yanakusanyika. Ungeweza kuwa karani wa posta na ukaupata."

Mkwezi aliitikia kwa kichwa taratibu. Daktari akamwuliza kwa nini hakuja kituoni wakati madaktari walipokuwapo. Akarudi kwenye makuti yake. Mkewe ndiye aliyejibu.

"Alishakwenda, wifi. Zamani, kabla halijawa kubwa hivi."

Akaeleza. Walikwenda hospitali ya mji wa mbali, walikokuwa na ndugu, ili huku nyumbani asijue mtu. Mumewe aliambiwa avue nguo. Wakaitwa vijana wa mafunzo waje waone, wakajaa chumba kizima. Mmoja akacheka, na mwingine akashindwa kujizuia naye akacheka. Halafu akaambiwa avae, arudi siku nyingine. Hawakurudi.

"Hata kaka zake hawajui," mke alisema. "Leo ndiyo nasema."

Nilijikuta natazama vidole vyangu. Mimi nilikuwa kijana wa mafunzo, na nilikuwa nimesimama katika vyumba vingi vya namna hiyo.

Daktari aliweka chini kikombe cha maji. Alijitoa pale alipokaa, akapiga magoti kwenye jamvi mbele ya yule bwana, kama anavyopiga magoti mtu anayekwenda kutoa mkono wa pole msibani.

"Kaka yangu," alisema, "aliyekucheka alivaa koti kama ninalovaa mimi. Simjui, lakini koti ni moja. Niwie radhi." Kisha akamgeukia mke. "Na wewe wifi, niwie radhi. Ulirudi na mzigo wa aibu isiyokuwa yako."

Chuoni tulikuwa na somo zima la maadili ya utafiti, na nilikuwa nimefaulu vizuri. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kubeba kosa la mwenzake asiyemjua na kuliombea msamaha hadharani, kwa sauti ya kawaida kabisa, bila kujitetea na bila machozi. Mkwezi alimalizia kuti alilokuwa akilisuka. Mwishowe akasema, "Kaezeke banda lako kwanza, dada. Tutaonana." Lakini mara hii alimwita dada.

Tulirudi Mwera mara nyingi baada ya hapo. Mara nyingine Daktari alikuwa na kazi kwingine, nikaenda peke yangu. Alinikataza kubeba makaratasi. Nilikaa kwenye jamvi nikafundishwa kusuka makuti, na kazi yangu ilikuwa mbovu kwelikweli. Mkwezi aliyafumua yangu mbele yangu na kuyasuka upya, huku akiniuliza kama kwetu Lushoto tunaezeka nyumba kwa kabichi. Tulizoeana. Alianza kuniita mwanangu.

Siku moja mkewe alikwenda kisimani, tukabaki wawili. Akaendelea kusuka, kisha, bila kuniangalia, akauliza, "Nikipasuliwa, nitabaki mwanamume?"

"Utabaki, mzee. Hawagusi kitu kingine. Wengi husema mambo huwa mepesi zaidi kuliko mwanzo."

"Watu wanasema ukitoka huko umekwisha. Unakuwa mtu wa kutumwa maji."

"Nimesikia wanavyosema. Si kweli."

"Na hicho wanachokitoa, wanakipeleka wapi? Wapo wanaosema kinauzwa."

"Ni maji, mzee. Maji yenye rangi kama chai ya rangi iliyochuja sana. Yanamwagwa."

Aliacha kusuka. "Maji tu?"

"Maji tu."

"Kwa hiyo miaka yote hii," alisema polepole, "mimi nimebeba maji."

Sikujua kama anataka kucheka au kulia, na nadhani hata yeye hakujua. Ndani ya maswali yale mawili kulikuwa na karibu kila kitu ambacho wanaume wa Pongwe walikuwa wamekataa kuniambia, na sikuwa na kalamu.

Wiki iliyofuata alikubali, na alikuwa na masharti. Gari la matangazo lisifike kwake. Chumbani wasiingie vijana wa kutazama. Mimi niwemo ndani. "Wewe umesema ni maji," alinikazia. "Nataka wewe uyaone." Na Daktari akae nje na mkewe mpaka mwisho. Daktari aliyakubali yote, akayaeleza kituoni yeye mwenyewe.

Siku ilipofika alivaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya kufuma. Alikuwa ameaga msikitini, ameaga ndugu, na njia nzima watu walitoka kumtazama. Kituoni muuguzi alimfunga mkanda wa kipimo mkononi, akapima, akampumzisha, akapima tena. Presha ilikuwa juu mno. Daktari wa upasuaji, kijana mpole aliyetoka hospitali ya mkoa ya Bombo kuja kusaidia kazi ile, alimpima mwenyewe kisha akatikisa kichwa. Leo haiwezekani.

Sitasahau uso wa mkwezi. Hakukasirika. Alikaa kwenye benchi amejikunja, mtu mzima aliyepungua ghafla. "Nimewaaga watu," alisema. "Nikirudi watasema nimeogopa kisu."

Nilitaka kumwambia hawatasema. Daktari alinitangulia.

"Watasema," alimwambia. "Lakini yule daktari amekataa kwa sababu anataka urudi kwa mkeo ukiwa hai, na mimi naungana naye. Presha inatibika. Tutaitibu, halafu tutarudi hapa. Leo nitakwenda nawe nyumbani, nikae nawe nje watu wanione. Wakiuliza, niwaambie?"

Alifikiri. "Waambie."

Basi tulirudi naye Mwera, na Daktari akakaa mbele ya nyumba ile kuanzia adhuhuri mpaka alasiri, kwenye jua linalohama, akisogeza jamvi kila kivuli kiliposogea. Kila aliyepita alisimama kusalimu, na kila aliyeuliza alijibiwa jibu lile lile: "Ndugu yangu ana presha. Tunaitibu kwanza, kisha atapasuliwa." Alilisema kwa utulivu kama anayetangaza saa ya swala. Hadi tunaondoka, kijiji kilikuwa kinazungumzia presha. Wanaume wawili walikuja kuniomba niwapime na wao.

Ofisini kazi zilikuwa zinamsubiri, na kiongozi mmoja alikuwa amempigia simu mara kadhaa. Nilimwuliza njiani kama hakuona siku ile imepotea. Alinishangaa. "Imepotea wapi? Ile ndiyo kazi."

Muda wangu wa mafunzo ulikuwa unakwisha. Niliomba chuoni niongezewe, na mwalimu wangu wa Dar es Salaam akaniuliza kwenye simu, kwa sauti ya mtu anayejua jibu, kama nasubiri takwimu au namsubiri mtu. Nikamwambia ukweli, nasubiri mtu. Akaguna, akaniongezea. Kwa wiki zile nilikwenda Mwera na kipimo cha presha mkobani. Mkwezi alimeza vidonge vyake bila kukosa, lakini chakula kisicho na chumvi kilimwonea. "Huu mchuzi wa hospitali," alilalamika kila siku, na mkewe akamjibu kila siku kwamba mwenye nyumba ya pili aende akale huko. Presha ikashuka kidogo kidogo. Siku niliposoma kipimo na kukirudia, kisha nikamwonyesha, alichukua mkono wangu akaushika.

Safari ya pili hakuaga mtu. Alivaa kanzu ile ile.

Walimchoma sindano ya ganzi mgongoni, wakaweka pazia kifuani ili asione. Mimi nilisimama upande wa kichwa chake, nimevaa kofia na barakoa. Alizungumza muda wote. Alinieleza namna ya kutofautisha kitale, nazi changa mno, na dafu kwa kugonga kwa ukucha, na jinsi koroma, nazi inayokaribia kukomaa, linavyokudanganya ukiwa huna sikio. Daktari wa upasuaji alifanya kazi yake taratibu, na nilimwona akitabasamu chini ya barakoa. Maji yalipotoka, nilisogea nikaangalia, kisha nikarudi kichwani kwake.

"Mzee, nimeyaona."

"Rangi gani?"

"Kama nilivyokuambia."

Alifumba macho. "Alhamdulillah," akasema, kisha akaendelea na koroma.

Nje, Daktari na yule mke walikuwa wamekaa benchi moja wameshikana mikono. Nilipotoka na kusema amemaliza salama, mke aliinamisha kichwa kwenye bega la Daktari akalia kwa sauti, na Daktari akamwacha alie, akimpangusa kwa ncha ya mtandio wake mwenyewe.

Kidonda kilipona vizuri. Alikatazwa kukwea na kunyanyua vizito, akatii kwa shida. Nilikuwa nimeshaanza kufunga mizigo yangu ya kurudi Dar es Salaam aliponipigia simu. Akasema nije Mwera Ijumaa, na nimlete dada yake.

Tulifika sala ikiwa inaendelea. Mimi ni Mlutheri. Nilisimama nje ya ukuta wa msikiti pamoja na Daktari na baadhi ya akina mama. Sala ilipokwisha, wanaume walibaki uani, na imamu akasema kuna ndugu ana neno. Mkwezi akasimama. Nilimwona kutoka pale nilipokuwa: kanzu imemwanguka sawasawa mwilini, haikunyanyuka popote.

Hakuwa mtu wa hotuba. Alisimulia tu, kama alivyonisimulia minazi. Alisema alivyokwenda hospitali ya mbali akachekwa, na kaka zake walikuwa pale wakisikia kwa mara ya kwanza. Alisema aliogopa kwamba atatoka si mwanamume. Hapo baadhi yao walitazama chini. "Mimi niko kama mnavyonijua," akasema, "na mengine mwulizeni mke wangu, kama mna ujasiri huo." Kicheko kikalipuka, kikubwa, cha watu waliokuwa wamebana pumzi. Nyuma yangu mkewe alijifunika uso kwa kanga.

Kisha akasema neno ambalo hatukumtuma wala hatukulifikiria. "Mwenye shida kama yangu asinifuate hapa mbele ya watu. Aje kwangu kusuka makuti."

Wakaanza kuja. Siku za mwanzo alikuja mmoja, mwalimu wa shule, akakaa kwenye jamvi akasuka kuti moja bovu kuliko yangu. Baadaye wakawa wanakutana pale wawili, watatu. Mtu akipita njiani haoni kitu zaidi ya wanaume wanaosuka makuti na kubishana kuhusu mpira. Mkwezi alijibu maswali yao, na yale asiyoyaweza alinipigia simu, nami nikamwuliza Daktari. Wakawa wanakwenda kituoni mmoja mmoja kupimwa presha mapema, kwa sababu yeye aliwaonya kuhusu presha kabla ya yote. Msimu uliofuata wa upasuaji, mabenchi ya kituo yalijaa asubuhi na mapema, na hapakuwa na gari la matangazo hata moja barabarani. Nilitoka Dar es Salaam kwa basi kuja kuona kwa macho yangu. Daktari alisimama mlangoni, miwani imening'inia kifuani, akawasalimu wote mmoja mmoja akiwaangalia usoni. Hakusema lolote kuhusu mafanikio. Aliniuliza kama nimekula.

Tasnifu niliiandika kwa shida. Mtahini mmoja aliniuliza kwa nini sura nzima inamhusu mtu mmoja, na sayansi iko wapi hapo. Nilimjibu kwamba wengine wote niliowahoji baadaye walizungumza nami kwa sababu ya huyo mmoja, na msomaji asipomjua hatajua kwa nini niliaminiwa. Waliniagiza nifanye marekebisho, nikayafanya, wakanipitisha. Siku hiyo nilimpigia Daktari simu kabla sijampigia mama yangu.

"Hongera mwanangu," alisema, na nilisikia kwamba amefurahi kweli. "Sasa sikiliza. Kuna mama huku njia ya Horohoro, ana matende ya miguu yote miwili. Hilo halina kisu. Ni kuosha kila siku, kukausha, kunyanyua mguu, na anaishi peke yake. Namtafuta mtu wa kumfundisha mjukuu wake, aliyekuja likizo. Unakuja lini?"

Nilikwenda Jumatatu. Yule bibi alikaa kwenye kiti cha plastiki uani kwake, amenyoosha miguu iliyovimba kama magogo, na kanga ameivuta kuifunika. Mjukuu wake, msichana wa chuo cha ualimu aliyekuwa likizo, alisimama pembeni na beseni na sabuni ya mche.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye daktari?"

"Mimi ni mwanafunzi wake," nikasema, na nilikuwa nasema kweli, ingawa barua ya kupitishwa kwangu ilikuwa tayari begini.

Daktari alikuwa ameshakunja mikono ya gauni lake. Alipima maji kwa kiwiko kama anayemwogesha mtoto, akaniachia nafasi karibu na beseni. Nilikaa chini. Nilimwangalia bibi usoni nikamwomba ruhusa, akaifunua kanga mwenyewe. Nikauchukua mguu wa kulia kwa mikono miwili, ulikuwa mzito na wa moto kidogo, nikaushusha majini, na nikaanza kumwonyesha mjukuu jinsi ya kuosha katikati ya vidole, kimoja baada ya kingine.